Vitunguu Saumu vya Mama na Daftari la Mvua

Harufu ya nyasi zinazooza ni harufu nzuri kwa mtu aliyekulia kwenye kibanja. Najua wasomaji wengine watakunja pua, na sina ugomvi nao. Lakini kwetu Izigo, mtu aliyeinua nyasi kavu za juu akafikia zile za chini, nyeusi, zenye uvuguvugu kama pumzi ya ndama, alisimama kidogo akavuta hewa kama amefunua chungu. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba pande zote, na ardhi yake haiachwi wazi. Wanawake walikwenda rweya, ile nyika ya majani iliyo nje ya kijiji, wakakata nyasi, wakazifunga kwa kamba za mgomba, wakarudi nazo kichwani, wakatandika shina kwa shina. Hata sakafu ya nyumba ilitandikwa nyasi, na mgeni wa heshima alitandikiwa mpya. Sikumbuki mtu yeyote akinifundisha jambo hili kwa maneno. Nililijua tu, kama nilivyojua njia ya kwenda kisimani: kitu unachokijali unakitandikia nyasi. Ndiyo maana mwaka ule, nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja, nilipoinua nyasi nilizotandika kwa mikono yangu mwenyewe nikakutana na harufu nyingine, kali, chungu, yenye uvundo wa kitu kilichokufa, sikuelewa. Nilidhani pua yangu ina kasoro.

Mimi niliishia darasa la saba, na sijawahi kuandika jambo la kusomwa na watu nisiowajua. Nimezoea kuandika katika daftari, mistari miwili mitatu, halafu nafunga. Kwa hiyo nitajitahidi kusema yale tu ninayoyakumbuka, na nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa, Uhuru ukiwa bado jambo ambalo wakubwa walilisimulia kama harusi waliyohudhuria juzi. Nyumbani tulikuwa wanne. Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba kahawa, na mara nyingi hakuwepo. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa na kibanja mkononi tangu Babu alipofariki. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali hata akiwa karibu nao. Halafu Mama. Mama hakuwa Mhaya. Alikuwa Msambaa wa milimani, Lushoto, ambako Baba alimkuta alipokuwa akiendesha magari upande wa Korogwe. Alipokuja Izigo hakujua Kihaya hata neno moja, na miaka kumi na mbili baadaye Bibi bado alimwita mugole, yaani bi harusi. Sitaki kumsingizia Bibi. Huenda lilikuwa jina la upendo. Lakini Mama alipoitwa hivyo mbele ya watu, niliona mikono yake ikitafuta kitu cha kushika.

Alichokuja nacho Mama kutoka kwao ni vitunguu saumu. Vichwa vichache, vidogo, vyenye ngozi ya rangi ya zambarau, alivyovifunga kwenye kitambaa. Kwetu siku zile kitunguu saumu kilikuwa kitu cha dukani mjini Bukoba, na watu wengi kijijini hawakukitumia kabisa. Tulipika ndizi na maharage kwa chumvi, na samaki tulipompata. Mama yeye alitwanga punje mbili akazitia kwenye maharage, na ile harufu ikapita mlangoni ikaenda mpaka kwa majirani.

"Mugole," Bibi aliita kutoka uani, "leo mwanangu amerudi na lori bila kuoga?"

"Ni kitunguu, Mama," Mama alijibu kwa adabu.

"Aa. Nimedhani ni kwapa la dereva."

Mimi nilicheka, na Mama pia alicheka, kidogo. Kwa haki niseme kwamba Bibi alikula maharage yale akaomba aongezewe. Ila alisema ni kwa sababu ya njaa.

Taabu ilikuwa mahali pa kuvipanda. Kitunguu saumu kinataka jua na ardhi isiyotuamisha maji, na kibanja chetu kilikuwa kivuli kitupu. Mahali pekee penye jua la kutosha palikuwa uwanjani, mbele ya nyumba, kwenye kajimwinuko upande wa kushoto, ambako Bibi alitandaza mikeka yake ya kuanikia kahawa. Mama aliomba kipande pale, hatua nne kwa mbili. Alipiga goti kuomba, kama alivyojifunza kwetu. Bibi alimwambia uwanja ni wa kahawa na wageni, na mazao ya mwanamke yanapandwa rweya. Huo ulikuwa utaratibu kweli, Bibi hakuubuni. Wanawake wote walilima karanga na njugumawe zao rweya. Lakini rweya ng'ombe walipita, na Mama alitaka kuviona vitunguu vyake kila siku. Basi akalima nyuma ya jiko, pembeni mwa migomba, mahali pa unyevunyevu palipopata jua la asubuhi tu. Aliinua tuta kubwa, refu kama mtu aliyelala, ili maji yapite pembeni.

Jirani yetu, mama Yustina, alipita akasimama. "Jamani, mmemzika nani bila kutuita?"

"Tumemzika mume wako," Mama alimjibu. "Tulichoka kumsubiri atoke pombeni."

Mama Yustina alicheka mpaka akashika mgomba. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akijibu utani wa kijiji kama mwenyeji, na nilijivuna. Bibi alikuwa mlangoni. Sikuona kama alicheka.

Nilikaa na Mama siku alipopanda, mwanzoni mwa masika kama walivyofanya kwao. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipanda vichache kwenye kopo na karai bovu, vikatoka vidogo, akala viwili akaweka vitatu vya mbegu. Mwaka ule aliamua kupanda vyote. Alitenganisha punje kwa kidole gumba, taratibu, bila kuzimenya. Alinionyesha kitako na ncha. "Ncha juu. Ukikigeuza kinapoteza nguvu kutafuta mlango." Kila punje aliitia kwenye shimo la kina cha pingili mbili za kidole, akafukia bila kushindilia. Nilinusa vidole vyangu siku nzima, hata shuleni. Kitambaa kile cha mbegu kilibaki kitupu, akakifua, akakianika. Nakumbuka nilikiona kimetundikwa kwenye kamba nikaona kama bendera ndogo, na sikuwaza kwamba maana yake hakuna akiba.

Sasa niseme kuhusu daftari. Shuleni tulikuwa na shamba la Elimu ya Kujitegemea, na mwalimu wetu wa kilimo aliagiza kila mtoto awe na daftari la mvua: siku, mvua au jua, na mmea gani umefikia wapi. Wengi waliandika wiki moja wakaacha. Mimi sikuacha mpaka leo, ingawa sidhani kama mwalimu yule alikusudia jambo kubwa kiasi hicho. Niliandika kwa penseli, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Nilichagua vitunguu vya Mama. "Jumanne. Mvua. Vimetoka kumi na saba." "Alhamisi. Mawingu. Vina majani mawili."

Vilipofika majani manne ikaja simu ya maandishi kutoka Lushoto: mama yake Mama alikuwa mgonjwa sana. Baba alikuwa safarini. Mama alifunga sanduku usiku mmoja, na asubuhi Bibi mwenyewe akamtafutia mtu wa kumbebea mpaka barabarani, apate gari la kumfikisha Bukoba kwenye meli. Kabla ya kuondoka Mama aliniita nyuma ya jiko. "Vitunguu nakuachia wewe. Palilia kwa mkono, usitie jembe. Usivimwagie maji, mvua inatosha. Na uandike kila siku, nikirudi nitasoma nione kama nilikuwepo." Hayo ndiyo maneno yake, nina hakika nayo kwa sababu niliyaandika. Hakuniambia nisitandike nyasi. Nimefikiri miaka mingi kwa nini hakuniambia, na naona jibu ni jepesi: kwao hakuna mtu ambaye angefikiria kufanya hivyo.

Jioni ile mama Yustina alikuja kumpa Bibi pole. Nilikuwa nachambua maharage. "Amebeba sanduku kubwa," alisema. "Mtu anayekwenda kuuguza habebi sanduku kubwa." Bibi alimwambia anyamaze, mtoto yupo. Lakini nilishasikia. Tangu siku ile nilikuwa na hesabu yangu kichwani, ya kitoto, lakini kwangu ilikuwa kweli tupu: vitunguu vikiwepo, Mama atavifuata. Vikifa, hana cha kurudia. Sikujihesabu mimi mwenyewe, wala Baba. Sijui kwa nini.

Halafu mvua ikaja kama inavyokuja kwetu mwezi wa Aprili, kutoka upande wa ziwa, kabla hata watu hawajaamka, ikanyesha mpaka mchana, ikapumzika kidogo, ikarudi. Migomba ilikuwa inachuruzika hata mvua ikikatika. Jiko lilijaa moshi kwa sababu ya kuni mbichi. Ncha za majani ya vitunguu zikaanza kuwa njano, na tuta likaanza kumomonyoka pembeni, mizizi myeupe ikaonekana kama meno. Niliandika kwa penseli: "Vinaona baridi." Nilikuwa nimechuchumaa pale Bibi alipopita na kikapu cha maganda ya ndizi kwenda kwa ng'ombe. Alisimama, akavitazama. Akasema, "Vitunguu vya mugole viko uchi." Akaenda zake.

Hilo tu. Nimelirudia neno hilo mara nyingi, kwa sauti yake, kwa sauti yangu, nikijaribu kusikia kama lilikuwa agizo. Sidhani. Bibi alipotaka jambo lifanyike, hukuhitaji kukisia. Lakini mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Jumamosi wakubwa walipokwenda kwenye shamba la kijiji, nilichukua mundu nikaenda rweya peke yangu. Nilileta mizigo mitatu, midogo, ya kichwa cha mtoto. Nilileta na samadi ya ng'ombe, mbichi, nikaimwaga katikati ya mistari. Halafu nikatandika nyasi, unene wa mkono, kama nilivyoona Bibi akiutandikia mgomba wa ndizi za kupokelea wageni. Nilipomaliza tuta lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Ncha za majani zilichungulia kwa juu kama watoto waliojifunika blanketi. Nilifurahi sana. Hapa lazima niwe mkweli: siku ile sikuwa na shaka hata chembe, na sijapata siku nyingi za namna hiyo maishani.

Mvua ilinyesha wiki tatu zaidi. Nyasi zilishika maji kama sifongo. Majani yakalala, moja baada ya jingine, nami nikaongeza nyasi. Baba alipokuja siku mbili akaleta habari kwamba bibi yangu wa Lushoto amezikwa na kwamba Mama yuko njiani kurudi, ndipo nikainua nyasi nitazame. Harufu ile niliyoisema ndiyo iliyonipokea. Nilivuta jani moja, likatoka bila kubisha, na chini yake kulikuwa na uteute wa kahawia wenye vifunza vyeupe. Nilivuta la pili. La tatu. Kisha nikarudisha nyasi vizuri, nikazipapasa zikae sawa, nikaenda kukaa nyuma ya zizi. Daftari la siku zile lina mstari mmoja mmoja: "Mvua." "Mvua." "Mvua." Vitunguu havitajwi.

Mama aliingia mchana, siku ya jua. Alikuwa amekonda, amevaa kitambaa cheusi kichwani. Bibi alitoka nje akampokea, akamshika mikono yote miwili, akamwambia pole kwa Kiswahili na kwa Kihaya, na wakalia pamoja. Ndani kulikuwa kumetandikwa nyasi mpya. Bibi alikuwa amezitandika asubuhi ile mwenyewe, kama kwa mgeni, na sijui Mama alilichukuliaje jambo hilo. Alipokwisha kula alifungua sanduku akanipa zawadi: kalamu ya wino wa buluu, ya kwanza maishani mwangu. "Kwa mwandishi wangu," alisema. "Haya, lete daftari nisome."

"Subiri kidogo, kuna mahali sijamaliza."

Nilikwenda nyuma ya mbuni. Nilifungua ukurasa wa ile Jumamosi. Penseli ilisema: "Jumamosi. Mvua. Nimevifunika." Chini yake kulikuwa na mstari mtupu. Nikachukua kalamu mpya nikaandika: "Bibi aliniambia nivifunike."

Mama alisoma akiwa amesimama mlangoni. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akafika pale, akakaa muda. Akanitazama. "Sawa," akasema. Akanirudishia daftari, akaenda nyuma ya jiko. Nilimwona akiondoa nyasi kwa mikono, akizirundika pembeni taratibu, bila hasira, mpaka tuta likabaki tupu. Vilikuwa vimebaki vitatu. Vitatu vya ukingoni, ambako kuku walikuwa wamezichakura nyasi wakazitupa. Alivizungushia vijiti.

Ndipo nikaanza kuogopa kweli, maana sasa niliona nilichofanya. Nilitaka nisilaumiwe, nikampa Mama sababu ya kufunga tena lile sanduku. Nilingoja ugomvi. Kila Mama alipopita karibu na Bibi nilitega sikio. Hapakutokea kitu. Sanduku lilibaki chini ya kitanda, na kila asubuhi kabla ya shule niliinama kulitazama kama lipo.

Siku zile Bibi alikuwa akienda kwenye masomo ya watu wazima, mara tatu kwa wiki, saa za jioni baada ya shamba, pamoja na wazee wenzake waliokaa kwenye madawati yetu magoti yakigusa videvu. Alikuwa ameanza kwa kejeli, akisema anakwenda kumwangalia mwalimu, kijana mdogo, kama ameoa. Lakini alikuwa amekamatwa na kusoma. Alisoma maandishi ya gunia, ya kopo, ya karatasi ya sukari tulipobahatika kupata sukari. Alikuwa hajawahi kumaliza sentensi nzima bila mtu kumwongezea neno. Alasiri moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta ameketi kwenye kigoda uwanjani, daftari langu likiwa magotini, kidole chake chenye utomvu wa ndizi kikitembea juu ya karatasi. Aliona wino wa buluu ni rahisi kusomeka kuliko penseli. Ndicho alichoniambia.

"Bi-bi," alisoma. "A-li-ni-a. A-li-ni-a-mbi-a."

Nilisimama na ndoo kichwani.

"Aliniambia. Ni-vi. Ni-vi-fu. Ni-vi-fu-ni-ke." Akarudi mwanzo, akaipita tena yote, safari hii bila kukatika: "Bibi aliniambia nivifunike." Akainua macho. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Nimeimaliza?"

"Umeimaliza, Bibi."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Akacheka, akapiga paja. Kisha nikaona maana ikimfikia, polepole, kama maji yanavyofika mwisho wa mfereji. Alitazama tena ule mstari. Alitazama upande wa jiko, Mama alipokuwa anamenya ndizi. "Bibi ni nani hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini, na kwa Bibi sauti ya chini lilikuwa jambo la kutisha.

"Ni wewe."

Nilingoja anipige, au aite kwa ile sauti yake kijiji kizima kisikie. Alifunga daftari. Akalifuta kwa upande wa kiganja, akanipa. "Waitu," alisema, neno lile la heshima tunalowaambia wakubwa, na mimi nilikuwa mtoto. "Mwandiko wako mzuri." Akaingia ndani.

Kesho yake, kabla hatujanywa uji, nilisikia kitu kinaburutwa. Bibi alikuwa anahamisha mikeka ya kahawa kutoka kwenye kajimwinuko kale ka kushoto, mmoja mmoja, akiipeleka upande wa pili ambako kivuli hufika saa tisa. Msimu wa kahawa ulikuwa ndio unaanza. Mama alitoka akabaki amesimama.

"Mama, unahamia wapi?"

"Mikeka imechoka jua," Bibi alisema. "Lete jembe. Na wewe mwenye kalamu, lete vijiti. Si mlisema hatua nne kwa mbili?"

Wakalima pamoja. Bibi hakuweka nyasi wala samadi mbichi. Alichota majivu ya zamani jikoni na mbolea iliyooza mpaka ikawa udongo, akauliza kwanza: "Hii itakubali?" Vile vitatu Mama alisubiri vikauke, akavitenganisha, zikapatikana punje kumi na moja. Zilipandwa mvua zikiwa zimekwisha, Juni, si kama Lushoto. Nani aliamua hivyo, Mama au Bibi, sikuandika, na leo siwezi kusema. Zikaota zote. Majani yalipoanza kukauka Mama aliving'oa, akavisuka, akavitundika juu ya moshi. Vilikuwa vidogo. Vingine havikugawanyika punje, vilikuwa duara tupu kama gololi. Bibi alichukua kimoja akakitafuna kibichi kabla ya kwenda darasani, ili mwalimu, alisema, ajue kwamba amefika. Na siku ile, akiwa mlangoni, aliita, "Mama Koku, nimeondoka!" Koku ni mimi. Mama alikuwa ameinamia chungu. Hakuinuka mara moja.

Sasa nakaa Kagondo, karibu na mji. Kitunguu saumu ninachokikuta sokoni Bukoba ni kikubwa, cheupe, kisafi, kimetoka mbali nisikokujua, na sisemi ni kibaya. Kinamenyeka kwa urahisi na wajukuu wanakipenda. Lakini nikikitwanga, harufu inaishia jikoni. Haifiki kwa jirani, na hata ingefika, jirani yangu yuko ndani ya ukuta wake, hawezi kuniuliza kwa sauti kama kuna mtu hajaoga. Nyasi za rweya pia zimepungua sana, kwingi wamejenga na kupanda miti, na nyumba zina saruji. Sisemi tulikuwa na maisha bora. Tulikuwa tunakosa sabuni. Ila sijapata tena kukanyaga nyumba ambayo mtu ameitandika asubuhi kwa sababu yangu.

Bibi alitangulia, miaka mingi sasa. Mama alimfuata mwaka juzi, akazikwa Izigo, kibanjani, karibu na Bibi na si mbali na uwanja. Katika sanduku lake kubwa nilikuta madaftari yangu ya zamani, ameyahifadhi yote. Nililifungua lile la mvua mchana, dirishani. Penseli imefifia mpaka imekuwa kijivu. Mstari mmoja tu, katikati ya kurasa zote za mwezi ule, ni wa buluu, unaonekana hata mtu akiwa mlango wa pili. Nilikaa chini. Maisha yangu yote niliamini kwamba Mama alinisadiki, na kwamba alimsamehe Bibi kosa ambalo halikuwa lake. Lakini kalamu ile alikuwa amenipa yeye mwenyewe, chini ya saa moja kabla ya kusoma. Jumamosi ile ninayoieleza, mimi nilikuwa sina wino.

Kwa hiyo alijua. Alijua pale pale mlangoni, akasema "Sawa". Na Bibi alijua. Kama waliwahi kulizungumza, wawili wale, nyuma ya jiko au juu ya tuta, sijui, na hakuna wa kumuuliza. Nilitaka kuukata ule mstari. Nilishika kalamu. Lakini chini ya maneno kuna alama ya kahawia, ndefu, utomvu wa ndizi ambao hautoki, pale kidole cha Bibi kilipopita kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ni uongo, na ndiyo sentensi ya kwanza aliyoisoma peke yake.

Nimeuacha. Kwenye baraza nina vitunguu vyangu ndani ya karai, vya ile mbegu ya zambarau, vina majani manne. Asubuhi hii mvua imetoka upande wa ziwa, kubwa, isiyo ya majira yake, na nimejikuta nimesimama nje na konzi ya nyasi mkononi. Nimeziweka chini. Nimelifungua daftari lile la zamani, ukurasa wa mwisho uliobaki wazi, nikaandika:

"Jumatano. Mvua. Sijavifunika."